Kufufua chenso kuukuu: namna ya kujua spea ipi inaingia na ipi inakudanganya

Stihl 070 bado inapasua mbao kwenye mashamba ya miti na misituni Afrika Mashariki, miaka mingi baada ya nchi nyingine kuhamia mashine nyepesi. Ni nzito, ina sauti ya kutisha, lakini inatengenezeka. Tatizo ni kwamba nyingi ya zilizopo zimepita kwa mafundi wengi, na kila fundi ameacha kitu chake: kava ya mashine hii, silinda ya ile, kabureta iliyotoka kwa marehemu mwingine kabisa. Ukienda Gerezani (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) ukasema tu "nipe pistoni ya 070", utapewa pistoni ya 070. Swali ni kama mashine yako bado ni 070 kwa ndani.

Mwongozo huu unatumia 070 kama mfano mkuu, na unagusa Stihl nyingine na Husqvarna pale zinapofundisha kitu. Kanuni yake ni moja: amini namba iliyo kwenye chuma na kipimo cha kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo na unene) kabla ya kuamini stika.

Hatua ya 1: Tambua mashine, usisome kava

Kava ya juu na kava ya stata ndizo sehemu zinazobadilishwa kirahisi kuliko zote, na ndizo zinazobeba jina. Kwa hiyo ziweke kando. Safisha kasha la krenki kwa petroli na brashi ya waya hadi chuma kionekane, kisha tafuta vitu viwili: namba ya mashine iliyogongwa, na namba iliyotoka pamoja na chuma kiwandani, yaani ile iliyovimba kwenye alumini. Fanya hivyo hivyo kwenye silinda, upande wa chini ya mapezi.

Kwa Stihl, tarakimu nne za kwanza za namba ya spea hutaja familia. Familia ya 070 na 090 ni 1106. Ya 038, MS 380 na MS 381 ni 1119. 044 na 046 (MS 440 na MS 460) ni 1128. 064 na 066 (MS 640 hadi MS 660) ni 1122. 084 na MS 880 ni 1124. Tarakimu tatu zinazofuata hutaja kundi la spea: 020 ni kasha na silinda, 030 ni krenki na pistoni, 120 ni kabureta, 160 ni klachi, 400 ni umeme. Nne za mwisho ndizo zinazotaja spea yenyewe.

Hapa kuna mitego miwili. Kwanza, namba iliyovimba kwenye chuma mara nyingi ni ya umbo la kumiminia, si namba ya katalogi. Inakupa familia tu, usiinunulie spea. Pili, familia inayotajwa ni ya mashine ya kwanza kutengenezewa spea hiyo, na spea ikaendelea kutumika kwingine. Plagi yenye namba 1110 400 7005 imefungwa kwenye modeli nyingi ambazo hazina undugu wowote na familia ya 1110. Namba zinazoanza na 0000, na zile za 9 za beringi, sili (mipira inayozuia kuvuja kwenye shafti) na skrubu, ni za wote.

Husqvarna haikusaidii namna hiyo. Namba zake za tarakimu tisa hazitaji modeli, kwa hiyo huko utategemea katalogi yenye michoro na kipimo chako mwenyewe.

Ukikuta silinda ya familia moja juu ya kasha la familia nyingine, simama hapo kwanza. Ama fundi aliyepita alikuwa hodari sana, ama ndiyo sababu mashine imekufa.

Hatua ya 2: Fungua kwa mpangilio

Piga picha kwa simu kabla ya kugusa kila sehemu, hasa njia za waya, mipira ya mafuta, na upande ambao gasketi ilikaa. Skrubu zichomeke kwenye kipande cha boksi ulichochora umbo la mashine, kila moja mahali pake. Urefu wa skrubu ni jambo zito: M5 iliyozidi milimita chache inaweza kutoboa upande wa pili wa alumini au kugusa magneto (gurudumu la sumaku linalozalisha cheche). Chenso za Ulaya hutumia nyuzi za milimita. McCulloch na Homelite za zamani za Marekani hutumia nyuzi za inchi, na bolti ya milimita iliyolazimishwa humo huingia mizunguko miwili kisha inakula nyuzi zote.

Klachi ya misumeno mingi ina nyuzi za kushoto, hivyo inafunguka kwa kuzungusha kuelekea upande wa mshale wa saa. Kuizuia pistoni isizunguke, ingiza kamba laini kwenye tundu la plagi, usiingize bisibisi.

Hatua ya 3: Silinda na pistoni

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu hununua pistoni kwa kipimo kimoja tu cha kipenyo.

Kipenyo cha silinda ya 070 ni milimita 58 na mwendo wa pistoni ni 40, ndiyo maana ujazo wake ni sentimita za ujazo 106 hivi. 090 ina mwendo uleule wa 40 lakini kipenyo 66, ujazo 137. Ukipima silinda ya "070" yako ukakuta 66, tayari umejua ulicho nacho.

Sasa tazama 52. Stihl 038 Magnum ina pistoni ya 52. Stihl 046 ina 52. Stihl 064 ina 52. Husqvarna 272 ina 52. Mashine nne, kipenyo kimoja, na hakuna pistoni hata moja kati ya hizo utakayoihamisha ukapata injini nzuri. Kipenyo ni swali la kwanza tu. Pima haya yote kwenye pistoni kuukuu na uandike kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani:

- Kipenyo, ukipima chini kwenye sketi (ukuta wa pistoni ulio chini ya ringi), pembeni mwa tundu la pini. Kichwani pistoni ni nyembamba zaidi kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko joto linapoivimbisha.
- Kipenyo cha pini. Stihl 044 za mwanzo zina pini ya milimita 10, za baadaye 12. Jina ni lile lile, silinda ni ile ile ya 50, lakini pistoni haziingiliani bila kubadilisha krenki.
- Kimo kutoka katikati ya tundu la pini hadi juu ya kichwa. Kikizidi kwa milimita moja, pistoni inagonga silinda. Kikipungua, mgandamizo unakufa na milango (matundu ya ukutani mwa silinda ya kupitishia mafuta na moshi) inafunguka kwa wakati usio wake.
- Unene wa ringi na idadi yake. 1.2 na 1.5 zinafanana machoni, kalipa ndiyo itakayokuambia.
- Mahali vilipo vipini vidogo vinavyozuia ringi isizunguke. Ncha za ringi zikiangukia kwenye mlango wa moshi, zitanasa na kuvunjika siku ya kwanza.
- Umbo la sketi: madirisha, mikato, urefu. Kwenye injini ya mipigo miwili sketi ndiyo valvu.

Mshale ulio juu ya pistoni huelekea ekzosi, karibu siku zote.

Ringi mpya ijaribu ndani ya silinda kabla ya kuivisha pistoni. Isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, kisha pima mwanya wa ncha kwa geji za bapa (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya). Kadirio la kawaida ni milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo, kwa hiyo silinda ya 58 inataka kama 0.23. Ukikuta ncha zimegusana, ringi si ya hapo, au inahitaji kupigwa tupa kidogo sana. Ukikuta mwanya umefika milimita moja, ama ringi si yake ama silinda imekwisha.

Jambo moja ambalo wauzaji wengi hawalisemi: silinda za zamani nyingi zimepakwa kromu ndani, na silinda ya kromu haitaki ringi ya kromu. Vinakulana. Silinda ya kromu inataka ringi ya chuma cha kawaida. Pia silinda hizi hazichongwi kuongezwa ukubwa kama za pikipiki. Pitisha ukucha ndani: ukinasa kwenye mkwaruzo, au ukiona doa la alumini lililotokea chini ya mng'ao, utando umetoka na silinda ni ya kubadilisha.

Ukiwa umeunganisha silinda na pistoni kutoka vyanzo tofauti, pima nafasi iliyobaki juu. Ingiza waya wa solda wenye unene wa milimita 1.5 kwenye tundu la plagi hadi uguse ukuta, upande wa pini, zungusha krenki kwa mkono ili pistoni iuminye, kisha pima ulipobanwa. Chini ya 0.5 ni hatari, chuma kitagusana injini ikipata moto. Ikizidi sana milimita 1, mashine itawaka lakini haitakuwa na nguvu. Gasketi ya chini ya silinda ndiyo inayorekebisha, na ndiyo maana gasketi ya karatasi ya boksi la viatu ni wazo baya.

Hatua ya 4: Krenki, beringi na sili

Beringi ni rafiki wa mtu mwenye bajeti, kwa sababu nyingi ni za kawaida za viwandani na huhitaji kuzinunua kwa jina la chenso. Soma namba ubavuni. 6203 maana yake tundu 17, nje 40, unene 12. 6202 ni 15, 35, 11. 6201 ni 12, 32, 10. Kuanzia 04 kwenda juu, zidisha tarakimu mbili za mwisho kwa tano upate tundu. Duka lolote la beringi linalohudumia mashine za kusaga linazo.

Lakini usiishie kwenye tarakimu nne. Angalia herufi zinazofuata. C3 inaonyesha nafasi ya ndani iliyoongezwa ili beringi isikaze ikipata joto. Ile isiyo na alama hiyo itaingia vizuri, itazunguka vizuri mezani, kisha itapiga kelele porini. ZZ au 2RS zina vifuniko, na beringi kuu za krenki zinatakiwa ziwe wazi, kwa sababu zinalainishwa na oili iliyochanganywa kwenye petroli. Na baadhi ya mashine zina beringi maalumu yenye ukingo au unene usio wa kawaida: pima hata kama namba inasomeka. Kama beringi kuukuu haina namba unayoijua, hiyo ni ishara kwamba ni ya kutengenezewa, nunua ya mashine yenyewe.

Sili huandikwa vipimo vitatu: shafti, nje, unene. Mfano 15x25x5. Unene unaweza kupungua kidogo bila madhara ikiwa inakaa. Shafti na nje haviruhusu hata nusu milimita. Kabla ya kulaumu sili, pitisha kidole kwenye krenki pale mdomo wa sili unapogusa. Kama kuna mfereji, sili mpya itavuja pia, ila ukiisukuma ikae milimita moja mbele au nyuma ya mfereji huo itapata chuma kizima.

Krenki yenyewe: shika mkono wa pistoni, uvute juu na chini. Usisikie mchezo wowote. Mchezo wa ubavuni kidogo ni wa kawaida. Kwa krenki ya kopi, kagua pia ukali wa koni ya magneto na nyuzi za klachi, kwani ndizo zinazotofautiana na za kiwandani hata pale urefu wote unapolingana.

Hatua ya 5: Umeme

070 za zamani zina pointi (swichi ndogo inayofunguliwa na kamu ili kutoa cheche) na kondensa, za baadaye zina umeme wa elektroniki. Hizi ni seti mbili tofauti. Magneto ya pointi ina kamu na sumaku zilizopangwa kwa wakati wake, na ukiifunga na koili ya elektroniki unaweza kupata cheche nzuri kabisa inayokuja wakati usiofaa. Mashine itapiga teke mkononi au itawaka na kukosa nguvu, na fundi atamaliza wiki akihangaika na kabureta. Nunua magneto na koili kwa pamoja, au usibadilishe lolote.

Pointi huwekwa mwanya kati ya 0.3 na 0.4. Koili na magneto, 0.2 hadi 0.3, kadi ya biashara ya kawaida huwa karibu na hapo. Plagi: nyuzi ni milimita 14 kwa nyingi, lakini urefu wa nyuzi hutofautiana, 9.5, 12.7 au 19. Plagi ndefu ya pikipiki inaingia bila ubishi na kugonga pistoni.

Hatua ya 6: Kabureta

Kabureta za chenso ni za diaframu (utando laini unaosukuma petroli), na watengenezaji unaokutana nao ni Tillotson, Walbro na Zama. Jina na namba viko kwenye chuma chake. Herufi hutaja umbo (HL, HS, WT, WJ, C1Q), na namba baada ya kistari hutaja jinsi ilivyopangwa ndani kwa mashine fulani. Kabureta mbili za umbo moja hubadilishana mahali pa bolti, lakini tundu za ndani za mojawapo zinaweza kuinyima petroli injini kubwa, na injini ya mipigo miwili iliyonyimwa petroli imenyimwa na oili pia.

Kama kabureta yako haijapasuka, usinunue nyingine. Nunua seti ya gasketi na diaframu za matengenezo kwa herufi na namba zake, na ulinganishe kila gasketi na ile kuukuu kwa kuiweka juu yake. Tafuta hasa kitundu kidogo cha mapigo, kile kinachopeleka pumzi ya kasha la krenki kwenye pampu ya petroli. Gasketi ikiziba kitundu hicho mashine haitavuta mafuta.

Hatua ya 7: Sproketi, baa na cheni

Hapa vitu vinne vinatakiwa kuzungumza lugha moja: sproketi, pua ya baa, mfereji wa baa na cheni.

Pima umbali kutoka riveti ya kwanza hadi ya tatu kati ya riveti tatu zinazofuatana; nusu yake ndiyo hatua ya cheni, ambayo huitwa kwa jina la inchi. Kwa cheni ya .404, riveti tatu zinachukua kama milimita 20.5. Kwa 3/8 ni 18.6. Kwa .325 ni 16.5. Chenso kubwa kama 070 kwa kawaida hutumia .404. Kisha pima unene wa jino la chini linaloingia kwenye mfereji: 1.3, 1.5 au 1.6. Cheni ya 1.5 kwenye baa ya 1.6 inaingia, inalala ubavu, na ubao unatoka umepinda. Mwisho hesabu meno hayo ya chini, yote, na uweke alama ya rangi pa kuanzia.

Baa hailingani kwa urefu tu. Tazama upana wa mfereji wa bolti, tundu la kukazia cheni, na hasa tundu la oili: baa isiyolingana nalo inaungua kwa ukavu huku pampu ikifanya kazi vizuri. Sproketi iliyochimbika badilisha pamoja na cheni mpya.

Kamba ya stata, springi, vishikio, matangi: nunua ya kopi bila wasiwasi, mradi matundu ya bolti yalingane.

Hatua ya 8: Dukani

Nenda na spea kuukuu mkononi na karatasi yako ya vipimo na kalipa. Pima spea mpya kabla ya kulipa, mbele ya muuzaji. Mwenye bidhaa nzuri hakasiriki. Kuhusu za Kichina, maoni yangu ni haya: 070 za kunakili zimetufanyia wema kwa sababu plastiki, vishikio na hata silinda zake nyingi zinaingia kwenye ya kiwandani na zinapatikana. Ila beringi, sili, ringi na vikamata pini (springi ndogo zinazozuia pini ya pistoni isitoke) ningenunua za jina linalojulikana, hata kama pistoni yenyewe ni ya kopi. Kikamata pini kimoja kikiruka, silinda mpya imekwenda.

Boksi lenye rangi za Stihl, chungwa na kijivu, si ushahidi wa chochote.

Hatua ya 9: Funga, pima hewa, kisha uwashe

Kabla ya kurudisha kava, ziba mlango wa ekzosi na wa kabureta kwa mpira wa tairi la ndani uliobanwa na bolti zake, plagi ikiwa mahali pake, kisha pampu hewa kupitia kitundu cha mapigo hadi bar 0.5. Ishikilie kwa sekunde 20 bila kushuka. Huna pampu yenye geji? Ya kupimia presha ya damu inafaa: inaishia 300, ambayo ni bar 0.4 hivi, na inatosha kuonyesha uvujaji. Ikishuka, paka povu la sabuni kwenye sili, gasketi na chini ya silinda. Usiruke hatua hii. Hewa inayoingia kwa siri ndiyo inayochoma pistoni mpya, kisha watu wanalaumu pistoni.

Changanya petroli na mililita 40 za oili ya mipigo miwili kwa kila lita ikiwa oili ni ya kawaida; oili ya Stihl yenyewe ni mililita 20. Fungua skrubu ya H (ya kabureta, inayopima petroli ya mwendo wa kasi) zaidi kidogo ya ilivyokuwa ili mashine ivute mafuta mengi kwenye matangi ya mwanzo. Usiikanyage bila mzigo, na usiipasulishe gogo nene siku hiyo. 070 nyingi hazina breki ya cheni, kwa hiyo jaribu ukiwa umesimama pembeni ya mstari wa baa.

Elekeza ncha ya baa kwenye boksi safi, ongeza moto kidogo: mstari mwembamba wa oili unatakiwa kuonekana. Baada ya tangi la kwanza iache ipoe kabisa, kisha kaza upya bolti za silinda na za ekzosi. Toa plagi uitazame: rangi ya kahawia ni sawa, nyeupe maana yake petroli ni kidogo, hivyo rudi kwenye skrubu ya H kabla ya kuwasha tena.